KIKO CHA MZEE: KUTENGENEZA SI KUFUTA

Katika nchi yetu neno utamaduni limezoea kutajwa pamoja na ngoma. Mgeni akishuka, ngoma huchezwa. Sikukuu ikifika, watoto huvishwa ukindu na kufundishwa kutingisha mabega. Mgeni akiondoka, ngoma hurudishwa stoo, na utamaduni hufungiwa humo pamoja nazo mpaka atakapokuja mgeni mwingine. Kwa mazoea hayo wengi wetu tumekuja kuamini kwamba utamaduni ni kitu cha kuonyeshwa, kitu kinachong'aa, na kwamba kisichong'aa si utamaduni bali ni uchakavu. Katika makala haya tunakusudia kuipinga imani hiyo. Tutaipinga kwa kutumia kitu kidogo sana, kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukificha katika kiganja cha mkono: kiko cha mzee.

Tunajua kwamba wako watakaocheka. Watauliza kama taifa limekosa mambo ya kujadili hata wasomi wake wakae kubishana juu ya kiko kilichovunjika mdomo. Tunawajibu kwamba taifa halipotezi urithi wake kwa siku moja, wala halipotezi kwa vitu vikubwa kwanza. Magofu ya Kilwa yana walinzi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa ili kuyalinda na mengine kama hayo. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia katika kila nyumba na kufungua kila sanduku. Kilichomo sandukuni mwa bibi kinalindwa na wajukuu, au hakilindwi na mtu yeyote.

Na kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja waziwazi ili lisije likapotoshwa. Hatumshauri mwanafunzi yeyote kuvuta tumbaku. Tumbaku inaua, na Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 kwa sababu hiyo. Kiko tunachokizungumzia ni kiko kilichopoa. Mkuki wa kale hauhifadhiwi ili watu wakauane, wala pingu za watumwa hazihifadhiwi ili mtu afungwe tena. Vitu hivi vinahifadhiwa ili vitoe ushahidi.

Sasa tuwatazame wapinzani wetu. Wako wa aina tatu.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba, kwa kuwa tumbaku ni sumu, kiko nacho kitupwe. Hoja hii ina sura ya wema, na baadhi ya waisemao wamezika baba zao kwa maradhi ya mapafu; hatuna haki ya kuwadharau. Lakini tunawaomba wafikiri tena. Kumbukumbu si sifa tupu. Anayemkumbuka mzazi wake kwa mazuri yake peke yake hamkumbuki mzazi wake, bali anakumbuka sanamu aliyoichonga mwenyewe. Kiko kilichomwua mzee ni sehemu ya habari yake, na pengine ndicho kitakachomfundisha mjukuu asivute. Kukitupa hakufuti kifo chake. Kunafuta ushahidi tu.

Wa pili ni wale wasemao kwamba kiko si chetu. Hawa ni watu wa vitabu, nao husema kwa uhakika mkubwa: tumbaku imetoka Amerika, imeletwa na wageni waliovuka bahari, basi kiko ni kitu cha kigeni, hakistahili kutajwa katika utamaduni wa taifa. Ni kweli kwamba mmea wa tumbaku asili yake ni Amerika. Mahindi na mihogo pia asili yake ni huko. Je, wako tayari kutwambia kwamba ugali si chakula chetu?

Tena, habari ya kiko katika bara hili ni ndefu kuliko wanavyodhani. Katika Pango la Lalibela nchini Ethiopia vilichimbuliwa vichwa vya viko vya kale. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Nikolaas van der Merwe alipima mabaki yaliyogandamana ndani yake, akakuta dalili za bangi. Viko hivyo vilikadiriwa kuwa vya karne ya 13 au ya 14, yaani kabla tumbaku haijavuka bahari kutoka Amerika. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia: habari hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, wala haikuwa katika umbo la kiko wala katika nakshi zake. Ilikuwa katika uchafu wake.

Na tuje kwetu. Watu wa pwani walikuwa na kiko chao cha maji, na kila kiungo chake kilikuwa na jina. Kichwa cha udongo kinachotiwa tumbaku ni bori. Mrija unaoshuka kutoka katika bori ni digali. Chombo cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi, ndicho kiko chenyewe. Mrija wa kupeleka moshi kinywani ni mdakale. Na ile sauti ya maji yakibubujika moshi unapopita iliitwa malio ya kiko. Lugha iliyokipa kitu kigeni majina yote hayo, hata ikaipa jina sauti yake, haikukiazima kitu hicho, ilikioa. Tunawauliza walimu wa Kiswahili: ni wanafunzi wangapi leo waijuao digali? Kitu kikifa, jina lake hukaa siku chache kama mjane, kisha nalo hufuata.

Wapinzani hawa wa pili watasema: haya, tumekubali kifuu na bori, lakini viko vya mti na vya jiwe, vile vyenye mdomo mweusi wa mpira, ambavyo wengine huviita mitemba, hivyo ni vya Wazungu. Hata hapo wanakosea. Huko Sinya, kaskazini mwa Arusha karibu na mpaka wa Kenya, katika bonde la Ziwa Amboseli, kuna jiwe laini na jepesi ambalo Wajerumani huliita kwa neno lenye maana ya povu la bahari. Jiwe hilo lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho; hunywa mafuta na unyevu wa tumbaku, na kwa miaka mingi hugeuka rangi polepole kuelekea kahawia. Katika miaka ya 1950 kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kulitumia jiwe hilo, na viko vikatengenezwa Arusha. Vilipigwa chapa ya tembo na neno moja la Kiswahili: Kiko. Vilisafirishwa hata Ulaya, na hadi leo wako Wazungu wanaovitafuta vile vya zamani bila kujua kwamba jina wanalolitamka ni neno la kawaida tu la lugha yetu.

Kampuni hiyo ilikuwa ya kikoloni, na faida yake haikuwa ya wananchi. Hilo hatulifichi. Lakini jiwe lilikuwa la ardhi hii na neno lilikuwa la lugha hii. Mtu akisema kwamba kitu hicho si chetu, anamwachia mkoloni hata kile ambacho mkoloni mwenyewe alikichukua kwetu. Hiyo ndiyo kasumba. Na tukumbuke kwamba kasumba, kwa maana yake ya asili, ni afyuni, nayo ilikuwa ikivutwa kwa kiko.

Tumefika kwa wapinzani wa tatu, na hawa ndio tunaowaogopa kuliko wote, kwa sababu ni rafiki zetu. Hawataki kiko kitupwe, wala hawasemi kwamba si chetu. Wanakipenda. Na kwa kukipenda wanakisugua kwa msasa, wanakwangua ndani mpaka mti uonekane, wanajaza nyufa kwa gundi, wanapaka vanishi, kisha wanakiweka juu ya meza ya sebuleni king'ae. Wakimaliza husema: "Tazama, kimekuwa kama kipya!" Nasi tunawauliza: mlitaka kipya cha nini? Vipya viko madukani.

Tutoe mfano mmoja tunaoujua vizuri. Baba yetu mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli. Kiko chake, kimoja cha vile vya Arusha, alikinunua mwaka wa Uhuru, 1961, akakaa nacho maisha yake yote. Mikono yake miwili ilikuwa kazini, mmoja kwenye tairi na mmoja kwenye spoki, basi kiko alikibana kwa meno ya kushoto. Na meno hayo yakachimba mdomo wa kiko upande mmoja tu. Hakupenda kununua viberiti. Aliwasha kwa kaa la jikoni, na ukingo wa kiko ukaungua mahali pale pale alipozoea kuliweka kaa. Alipofariki, kiko kilikuwa kimepasuka shingoni na pete yake ya chuma imepotea. Mama mkubwa alikipeleka kwa fundi mjini.

Fundi alikigeuzageuza, akasema: "Mama, nipe siku tatu. Haya matundu ya meno nitayajaza, huu weusi nitaupiga msasa, kisha nitapaka vanishi. Hutakitambua."

Mama mkubwa akamjibu: "Mwanangu, hilo la kutokitambua ndilo ninaloliogopa. Hayo meno ndiyo mwenyewe. Ukiyajaza, utakuwa umenirudishia kiko cha nani?"

Yule fundi alikuwa msikivu. Alifunga shingo ya kiko kwa uzi uliopakwa nta, akatengeneza pete kwa waya wa shaba, akafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akakirudisha. Mshono unaonekana, na meno yanaonekana. Kila mjukuu anayekishika huuliza kwa nini kimeliwa upande mmoja, na hapo ndipo habari za fundi wa baiskeli huanza kusimuliwa. Kama matundu yale yangejazwa, hakuna mtoto ambaye angeuliza neno.

Katika maneno ya mama mkubwa mna kanuni nzima ya kazi hii, nayo ni hii: kutengeneza ni kuzuia uharibifu usiendelee, si kufuta umri. Kuna uchafu na kuna alama. Uchafu ni kile kinachokula kitu: ukungu, unyevu, wadudu, kutu, vumbi linaloshika maji. Huo uondolewe bila huruma. Alama ni kile alichokiacha mwenyewe: meno yake, moto wake, jasho la vidole vyake. Hiyo isiguswe. Asiyeweza kutofautisha hayo mawili aweke msasa chini.

Watatwambia kwamba sisi ni watu wa maneno, hatujui kazi ya mikono. Basi tuseme kwa lugha ya kazi.

Wavutaji wa kiko cha mti wana desturi ya kukwangua ukoko wa masizi unaojijenga ndani ya kichwa, wakibakiza unene wa milimita moja hivi. Wana sababu: ukoko mnene ukipata moto hutanuka na kuweza kuupasua mti. Lakini kiko chetu kimepoa. Hakitapata moto tena. Basi sababu ya kukwangua haipo. Anayekwangua kiko kisichovutwa anaiga dawa bila kuwa na ugonjwa. Na ukoko huo ndio uliozungumza kule Lalibela.

Kiko cha jiwe kisilowekwe. Jiwe lile hunywa maji, nalo likilowa hulainika na kukwaruzika upesi. Wala rangi yake ya kahawia si uchafu, ni miaka. Anayelisugua jiwe hadi liwe jeupe amefuta kalenda ya mtu.

Mdomo mweusi mara nyingi ni mpira uliopikwa na salfa ukawa mgumu. Ukikaa kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu huchujuka na kuwa na rangi ya kijanikahawia, na ladha yake huwa chungu. Njia ya kuuponya si kuusugua kila mwaka ukaisha. Ni kuuondoa juani. Kiko kilichowekwa dirishani ili wageni wakione kinaharibiwa na heshima hiyo hiyo kinayopewa.

Vanishi huziba matundu ya mti na ya jiwe, hufungia unyevu ndani, na kuitoa ni shida. Na hapa ndipo ilipo kanuni ya pili: usifanye kwa kitu cha mzee jambo ambalo mwingine hataweza kulifungua. Uzi hufunguka. Nta huyeyuka. Gundi kali na vanishi ni hukumu isiyo na rufani. Kesho atakuja mtu mwenye elimu kuliko sisi na vyombo bora kuliko vyetu; tumwachie kazi ya kufanya.

Wala mtu asidhani kwamba kanuni hizi tumezitoa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Zitazameni vibuyu vya bibi zetu. Kibuyu kilipopasuka, hakikutupwa wala hakikufichwa ufa wake, kilishonwa. Matundu yalitobolewa kandokando ya ufa, uzi ukapitishwa, na mshono ukabaki wazi kwa kila atakayekunywa humo. Na kibuyu kilichoshonwa hakikuwa cha aibu. Kilionyesha kwamba nyumba hiyo ina mtu anayejua kutunza. Aibu ya mshono tumejifunza baadaye, pamoja na kioo cha duka na msemo wa "kama kipya".

Liko tatizo moja gumu, nasi hatutalikwepa. Mtalii hupita, hukiona kiko, hutoa fedha. Nyumba ina mtoto wa shule na haina ada. Nani atamlaumu mama anayeuza? Sisi hatumlaumu. Lakini tunasema kwamba kitu kikiuzwa bila habari zake, kimeuzwa mara mbili: kimeondoka chenyewe na kumbukumbu yake imezikwa. Viko vya Afrika Mashariki vimo katika makumbusho ya Uingereza na Ujerumani, na vingi vya vitu vilivyochukuliwa zamani za ukoloni vina lebo ya kabila na mahali, havina jina la aliyevitumia. Hapo kiko kimekuwa "cha kabila fulani". Hakikuwa na meno ya mtu yeyote. Kabla ya kuuza, basi, jina la mzee na liandikwe, mwaka uandikwe, habari ziandikwe, na daftari libaki nyumbani hata kama kiko kimekwenda. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa njaa imetulazimisha kuuacha mbacha, angalau tukumbuke nani alikuwa akiulalia.

Ndugu walimu, kazi hii ni yenu kuliko ya Wizara. Tangu mwaka 1962, Serikali ilipoanzisha wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, tumezoea kungoja waraka. Lakini jambo hili halihitaji waraka, wala halihitaji fedha. Mwalimu awatume wanafunzi nyumbani, si kuleta vitu vya wazee shuleni ambako vitapotea, bali kuleta habari zake. Kila mmoja achague kitu kimoja, kiwe kiko, kinu, mkongojo au cherehani. Akichore kama kilivyo, pamoja na ufa wake. Aandike majina ya viungo vyake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Aulize kila alama imetoka wapi. Kisha, katika masomo ya kazi za mikono, wafundishwe kufunga, kushona na kupaka nta kabla ya kufundishwa kupaka rangi.

Nanyi wanafunzi, mtakapoona mtu anachukua msasa kukisugua kiko cha babu yenu, mwambieni kwa adabu asubiri. Mwulizeni anataka kuondoa nini. Akijibu kwamba anaondoa ukungu, mshikieni taa. Akijibu kwamba anaondoa uzee, mnyang'anyeni msasa.

Taifa linaloona aibu ya mikwaruzo ya wazee wake litajikuta siku moja lina nyumba zilizojaa vitu vinavyong'aa, na hakuna hata kimoja kinachojua jina la mtu. Urithi wa namna hiyo hauna mrithi. Heri kiko kimoja chenye mshono wa uzi na meno ya mwenyewe, kimelala gizani ndani ya mfuko wa kitambaa, kuliko mia vilivyopakwa vanishi mezani.